TAHADHARI: Msinunue "Wilde wa 1895" kwa huyu tapeli wa London

Jamani, yule muuzaji wa vitabu vya kale anayedai anauza maktaba ya marehemu babu yake, msimtumie hata senti. Mwenzetu kalizwa pauni 900, na sasa ndoa yake ndiyo inayotishiwa. Alikuwa anaitafuta An Ideal Husband, mchezo wa kuigiza wa mwandishi Oscar Wilde.

Alianza kwa kutuma video. Mkono umevaa glavu nyeupe, unafunua kurasa moja moja: jalada jekundu, jina la Oscar Wilde kwa dhahabu mgongoni, ukurasa wa mbele umeandikwa 1895, na chini yake saini ya wino wa kahawia, eti ilitiwa usiku wa onyesho la kwanza, 3 Januari 1895, Theatre Royal, Haymarket. Tarehe hiyo ni ya kweli kabisa, na hapo ndipo alipomnasa. Mchezo wenyewe anaujua nje ndani: barua ya Sir Robert Chiltern aliyeuza siri ya serikali kuhusu hisa za Mfereji wa Suez, Mrs Cheveley anavyomjia nayo kumtisha katikati ya dhifa, ile bangili ya wizi inayomnasa mkononi. Mtu anayezungumza hivyo nani angemshuku? Bei nayo haikuwa ya kutupa, akasema kuna mteja mwingine anakuja asubuhi. Hela ikatumwa usiku ule ule, kwa njia ya kutumiana ndugu na marafiki, "kukwepa makato". Njia hiyo haimlindi mnunuzi hata kidogo.

Hakuna kitabu cha mchezo huu kilichochapishwa 1895! Wilde alikamatwa Aprili mwaka huo, akafungwa miaka miwili. Kitabu kilitoka 1899, kwa mchapishaji Leonard Smithers wa London: nakala 1,000 za kawaida, 100 za karatasi kubwa zenye saini, na 12 za karatasi ya Kijapani. Jalada ni kitambaa cha zambarau iliyofifia, na maua ya dhahabu aliyoyabuni mchoraji Charles Shannon. Ukurasa wa jina hauna Wilde popote; umeandikwa kwamba ni kazi ya mwandishi wa Lady Windermere's Fan, mchezo wake mwingine, kwa sababu jina lake lilikuwa limeshachafuka. Baada yake kuna tabaruku kwa Frank Harris.

Kilichokuja kwa posta ni chapa ya baadaye iliyobandikwa ukurasa mpya. Pale kwenye mshono gundi inaonekana, na ukurasa ule haukushonwa pamoja na wenzake. Ukimulikwa kwa taa ya urujuanimno unang'aa buluu kali, kurasa nyingine zimepoa. Karatasi ya 1899 haing'ai hivyo. Dawa za kung'arisha karatasi zimeenea tangu miaka ya 1950.

Ubaya zaidi ni huu. Wakati wa kuchati mwenzetu aliandika kwamba mkewe hajui hela imetoka wapi. Alipodai arudishiwe, yule mshenzi akamrudishia maneno yake mwenyewe kwa skrinishoti, na jina la shemeji yetu juu yake: tuma 300 nyingine, au anatumiwa yeye.

Usitume, ndugu yangu. Kwenye mchezo ule, Chiltern alipokubali kusifia bungeni mradi wa mfereji wa Argentina ndipo alipojifunga kwa yule mwanamke. Na siku Mrs Cheveley alipoitoa siri mwenyewe mbele ya Lady Chiltern, mke wa Chiltern, hakubaki tena na siri ile ya kumtishia kwa mkewe. Mwambie mkeo leo, kwa mdomo wako. Halafu ipigie benki simu, hifadhi video na namba ya muamala, usifute hata ujumbe mmoja, kitabu kiache na bahasha yake, nenda polisi.

Dalili nyingine: hataki simu ya video, haoneshi mshono wa kitabu, na ukimuuliza kitabu kilipita mikononi mwa nani anarudi kwa babu yake.

Uingereza kumtisha mtu ili akupe hela ni jinai chini ya Theft Act (sheria ya wizi) ya 1968, kifungu cha 21, hadi miaka 14 jela. Apewe yote! Mtu anayeuza uongo kisha akawinda ndoa ya aliyemwibia hastahili faini wala onyo, afungwe. Mwenye video au risiti yake yoyote amtumie mwenzetu kabla hajaenda kuandikisha maelezo.