Kadi za mwaliko za letapresi: ipi uinunue kwanza, ipi uiache

Ukishika kadi ya letapresi, kidole hujua kabla ya jicho. Unapitisha ncha yake juu ya majina na kuhisi herufi zilivyozama, kila moja ndani ya shimo lake dogo lenye kingo safi. Sisi tuna neno la kazi hii siku nyingi: kupiga chapa. Herufi zilizoinuka hupakwa wino, karatasi huwekwa, mashine hubana, alama hubaki. Gutenberg, mchapaji wa Ujerumani, alichapa Biblia yake hivyo mjini Mainz karibu na mwaka 1455, na kadi hizi huchapwa hivyo hadi leo, mara nyingi kwa mashine za chuma zilizoundwa kabla wanunuzi wenyewe hawajazaliwa.

Nimeagiza kadi hizi za harusi, za kutangaza kuzaliwa kwa mtoto, na mara moja za kumkumbuka marehemu. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja. Unacholipia kwenye letapresi ni kina cha alama. Basi kilipie pale kitakapoguswa na kutazamwa, na ukandamize maneno yasiyobadilika tu. Yaliyobaki yachapwe kwa njia ya bei nafuu, na hakuna mgeni atakayeona umepunguza kitu.

Jua pia bei inavyojengwa. Gharama kubwa huja kabla kadi ya kwanza haijatoka: kutengeneza bamba lenye herufi zilizoinuka, kulifunga kwenye mashine, kuchanganya wino, kisha kurekebisha mkandamizo kidogo kidogo mpaka kila herufi iguse sawasawa. Kazi hiyo ni ile ile kwa kadi 30 au 300. Ndiyo maana bei ya kadi moja hushuka idadi ikipanda, na ukirudi baadaye kuomba kadi 20 za nyongeza unalipa karibu kama mtu anayeanza upya. Hesabu nyumba utakazozialika, usihesabu vichwa, kisha ongeza 15 hadi 20 juu. Bahasha ziongeze zaidi, kwa sababu ndizo zinazoharibika wakati wa kuandika majina kwa mkono.

1. Kadi kuu kwa letapresi, viambatisho kwa dijitali

Huu ndio ununuzi ninaoupendekeza kwa karibu kila mtu. Seti ya mwaliko huwa na kadi kuu, kadi ya majibu, na kadi ya maelezo yenye ramani, ratiba na namba za simu. Utashauriwa uchape zote kwa letapresi ili zifanane. Sikubaliani na ushauri huo. Kadi kuu ndiyo inayosimamishwa juu ya kabati, na ndiyo itakayotolewa kwenye sanduku miaka 20 baadaye. Kadi ya maelezo kazi yake huisha siku ya sherehe, tena ndiyo inayobeba mambo yanayogeuka: ukumbi unahamishwa, saa inasogezwa, namba ya simu inabadilika. Likibadilika neno moja kwenye letapresi, bamba hutengenezwa upya na mashine hufungwa upya. Kwenye dijitali unarekebisha faili na kuchapa tena siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo majina, tukio na tarehe yakandamizwe, kwa wino wa rangi moja. Rangi ya pili inataka bamba la pili, kuosha mashine, na kuipitisha kila kadi mara nyingine huku rangi mbili zikikutana bila kupishana hata nusu milimita. Fedha ya rangi ya pili iweke kwenye karatasi. Ili seti ifanane, tumia fonti ile ile na karatasi ya familia ile ile, nyembamba kidogo kwa viambatisho, ukihakikisha kwanza kwamba mashine ya dijitali inaikubali.

Kwa tangazo la kuzaliwa mtoto, mpango huu hugeuzwa kidogo. Chagua muundo, karatasi na wino mapema, uache nafasi ya jina, tarehe na uzito. Mtoto akifika unatuma mistari mitatu, unasoma prufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, na bamba linatengenezwa. Mzazi aliyekosa usingizi hapaswi kuanza kuchagua fonti.

Karatasi ni nusu ya kadi

Nasimama hapa kabla ya kuendelea, kwa maana hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Karatasi ya kawaida ya ofisini ni ngumu na nyembamba, hivyo hubanwa bila kuachia alama ya maana. Karatasi ya pamba ni laini na nene, huipokea herufi na kuishika. Tena haichakai na kuwa ya njano kama karatasi duni ya miti. Uzito wake hutajwa kwa gramu kwa mita mraba: ya 300 ina unene wa takriban nusu milimita, ya 600 takriban milimita moja.

Kadi yangu ya kwanza niliichapisha pande zote mbili kwenye karatasi ya gramu 300. Mchapaji hakunionya, nami sikujua la kuuliza. Zilipofika, katikati ya majina upande wa mbele palikuwa na vinundu vidogo vidogo. Ilikuwa anwani iliyochapwa nyuma, imesukuma karatasi na kutokeza mbele, kama mtu aliyeandika kwa kalamu ngumu upande wa pili. Nilizituma kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, na hadi leo nikiiona moja kwenye nyumba ya mtu moyo huniuma. Ukitaka pande mbili, chukua gramu 600, au karatasi mbili za 300 zichapwe kila moja upande mmoja kisha zigandishwe mgongo kwa mgongo. Kama huna haja ya pande mbili, chapa upande mmoja na ulale usingizi.

Unene nao una gharama zake posta. Kadi ya milimita 127 kwa 178 kwenye karatasi ya gramu 600 ina uzito wa karibu gramu 13.6 ikiwa peke yake. Nchi nyingi huweka daraja la kwanza la barua kwenye gramu 20, hivyo kadi hiyo ikishaingia kwenye bahasha pamoja na viambatisho imevuka mpaka. Funga seti moja kamili, ipime posta, ndipo ununue stempu.

Muundo unaokubali kukandamizwa

Kina huonekana kwa sababu kando ya sehemu iliyobanwa ipo sehemu ambayo haikubanwa. Mistari, herufi na michoro midogo ya majani hupendeza sana kwa sababu hiyo. Eneo kubwa lililojaa rangi hupoteza kila kitu: wino hukaa kwa madoadoa, karatasi hujikunja, na kidole hakihisi shimo lolote kwa kuwa kila mahali pameshuka pamoja. Picha ya maharusi usiipeleke kabisa, ichapwe kwa dijitali kwenye kadi nyingine. Wino hafifu juu ya karatasi nyeusi au ya buluu nzito nao humezwa, kwani wino wa letapresi hupitisha kiasi cha rangi iliyo chini yake.

Kuhusu herufi, fonti zilizozaliwa zama za herufi za madini ya risasi huwa salama. Caslon na Baskerville, zote za Uingereza ya karne ya 18, zilichorwa zikijua kwamba wino utatambaa kidogo kwenye karatasi. Bodoni ni nzuri kwa ukubwa, ila mistari yake membamba hukatika au kupotea ikichapwa ndogo, na hati nyingi za mtindo wa mwandiko zina ugonjwa huo huo. Usishuke chini ya pointi 7, kipimo cha ukubwa wa herufi. Chini ya hapo matundu ya “a” na “e” hujaa wino. Mstari mwembamba usiwe chini ya robo pointi.

Neno moja zaidi kuhusu kina. Wachapaji wa zamani waliona aibu karatasi ikionyesha alama nyuma. Ufundi kwao ulikuwa kuigusa karatasi kwa wino tu, kama busu. Tena risasi ni laini, na herufi zake huharibika zikigongwa kwa nguvu. Shimo tunalolipenda leo limewezekana kwa bamba la fotopolima, plastiki inayogandishwa na mwanga pale penye herufi huku sehemu nyingine ikioshwa kwa maji. Kwa hiyo muulize mchapaji anatumia nini. Akisema herufi za risasi, usimdai kina kirefu, umwombe wino safi na mpangilio mzuri. Utapata kazi ya heshima ya namna nyingine.

2. Kubuniwa na mchapaji mwenyewe

Ukiwa na fedha ya kutosha na miezi mitatu mbele yako, hili ni la pili kwa karibu sana. Anayebuni na kuchapa chini ya paa moja anaujua udhaifu wa mashine yake, hakuchorei kitu ambacho hakitatoka. Omba kushika kazi alizokwisha kuzifanya, usiridhike na picha zake. Picha iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni hukifanya kina chochote kionekane kisima.

Prufu atakayokutumia itakuwa faili la PDF. Halionyeshi kina wala rangi halisi, lakini maneno ndipo yanapokaguliwa. Linganisha siku ya juma na tarehe kwenye kalenda, kwa sababu hilo ndilo kosa linalopenya kuliko yote. Majina yaandikwe kama wenyewe wanavyoyaandika. Kisha mpe prufu mtu ambaye hakushiriki kuiandika, aisome kwa sauti neno kwa neno. Ukishatia sahihi, kosa ni lako.

3. Muundo ulio tayari, ukibadilishiwa maneno

Una wiki sita tu? Chukua hili bila kusononeka. Muundo umeshajaribiwa kwenye mashine, na ndiyo maana huwa wa bei nafuu. Angalia mambo mawili. Mifano yao mingi hupangwa kwa majina mafupi, hivyo omba kuona majina yako yote matatu yakiwa yamewekwa kabla ya kulipa. La pili ni la muhimu zaidi: uliza kama maneno yako yatatengenezewa bamba. Baadhi huchapa urembo wa pembeni kwa letapresi mapema, kwa wingi, kisha huongeza majina kwa dijitali. Unabaki na maua yaliyozama na majina yaliyolala bapa, ilhali majina ndiyo uliyotaka kuyagusa.

4. Faili lako, mashine ya mchapaji

Linawafaa wanaojua kazi ya usanifu. Faili liwe la vekta, herufi zigeuzwe kuwa maumbo, rangi itajwe kwa namba ya Pantone ya karatasi isiyong’arishwa, na kama rangi inafika ukingoni ongeza milimita 3 za kukatwa. Kama sentensi hiyo imekuchosha, rudi namba 3.

5. Foili, na jamaa zake

Kwa karatasi nyeusi au ya rangi nzito, foili huipita letapresi na kushika nafasi ya kwanza. Utando mwembamba wa rangi ya dhahabu au fedha hubandikwa kwa joto na mkandamizo, nao hufunika kabisa rangi iliyo chini. Kuna pia uchapaji wa bamba la shaba lililochongwa, ambapo wino huinuka juu ya karatasi badala ya kuzama. Ni kazi nzuri mno, ghali, na wenye kuijua ni wachache. Ipo na njia ya kuiiga kwa kunyunyiza unga juu ya wino mbichi na kuuyeyusha kwa joto mpaka uvimbe. Hung’aa kidogo, na kwa bajeti ndogo si vibaya.

Ya mwisho: “mtindo wa letapresi”

Hii ni kadi ya dijitali ambayo herufi zake zimechorewa kivuli ili zionekane zimezama. Usiinunue. Igeuzie mwanga wa dirisha kwa pembeni: kivuli cha kweli huhama, cha kuchora hubaki palepale. Kama bajeti inafika dijitali tu, nunua dijitali iliyo wazi, herufi safi kwenye karatasi nzuri. Kadi hiyo haidanganyi, na wageni wako wataipokea kwa furaha.

Kabla ya kulipa, mambo mawili madogo. Chagua saizi inayoingia kwenye bahasha za kawaida, kwa mfano A6 ya milimita 105 kwa 148 ndani ya bahasha ya C6, kwani bahasha za kupimiwa hula fedha ambayo ingekwenda kwenye karatasi. Na uulize kama bamba litakuwa lako kazi ikiisha. La fotopolima hukatika kwa mkasi: unaweza kutenga majina yenu peke yake, ukalihifadhi likiwa limelala bapa mbali na jua, na mwezi mmoja baada ya sherehe mchapaji akalifunga tena kwa ajili ya kadi za shukrani.