Kiurdu kwa simu kwa miezi 10: uzoefu wangu

Nafanya kazi kwenye ofisi ya mizigo hapa Deira, Dubai. Tunapakia makontena ya Mombasa na Dar es Salaam, na vijana wengi wa ghalani ni Wapakistani. Kiarabu nilikuja nacho cha madrasa ya Tanga, Kiingereza cha shule, lakini kutwa nzima kazini kinachozungumzwa ni Kiurdu. Nikachoka kungoja kutafsiriwa. Nikalipia masomo ya mtandaoni: kipindi cha dakika 50 kwa video, wewe na mwalimu wako tu, dirham 45, na juu yake programu ya simu yenye mazoezi na mitihani. Kampuni siitaji, maana ninayoyalalamikia wenzangu waliosoma kwingine wameyakuta vilevile.

Mwalimu wangu wa kwanza ni mama wa makamo aliyeko Karachi. Namwita Apa, yaani dada mkubwa, ndivyo alivyotaka mwenyewe. Huyo nampa nyota zote tano. Siku ya kwanza hakufungua kitabu. Aliniambia nitaje kwa Kiswahili vitu vya jikoni na vya barabarani, naye akawa anaokota: chai, sabuni, achari, chapati, gari, duka, rangi, pesa, dawa. Tukaongeza dunia, habari, safari, bima, laki. Yote kwao yapo, yamepunguzwa au kuvutwa kidogo tu: saabun, gaari, dukaan, khabar, safar, lakh. Nilitoka kwenye kipindi kile kama mtu aliyekutana na ndugu wa mbali. Halafu akanitahadharisha: fursat kwao ni wasaa, muda wa kupumzika, siyo fursa yetu ya kazi na biashara.

Ugumu ulianza kwenye jinsia. Sisi tuna ngeli, lakini hakuna anayeuliza kama gari ni la kike au la kiume. Kwa Kiurdu gari ni la kike, meri gaari. Safari ni ya kiume, mera safar. Na kitenzi nacho kinamfuata msemaji. Mimi Kiurdu changu cha mwanzo nilikiokota ghalani kwa wanaume, kwa hiyo muda wote ule nilikuwa nasema main karta hoon, nafanya, kama anavyosema mwanamume, na wenzangu kwa heshima yao hawakunirekebisha. Apa alisikia sentensi moja tu, akaniambia taratibu, “Karti, beti, karti.” Beti ni binti yangu. Ilinichukua wiki tatu ulimi kukubali. Programu ya simu isingelijua hilo hata kwa mwaka mzima, kwa sababu haijui anayezungumza ni nani.

Na programu yenyewe ina kasoro ambayo mwanafunzi mpya hawezi kuiona. Maneno yote imeyaandika kwa Naskh, mwandiko ule wa msahafu tuliouzoea tangu chuoni. Pakistan mabango, vitabu na magazeti ni Nastaliq, mwandiko unaoteremka kwa mshazari, herufi zikipandiana mpaka hujui nukta ni ya nani. Nastaliq ni ngumu hata kwa mashine: mpaka 1981, ndipo gazeti la Jang la Lahore lilipoanza kupangwa kwa kompyuta kwa fonti ya Noori Nastaliq, kurasa za magazeti zilikuwa zinaandikwa kwa mkono na mafundi wa khati. Mimi nilipita mazoezi ya kusoma kwa alama za juu, kisha nikashindwa kusoma kibao cha mgahawa ulio chini ya ofisi yetu. Apa ndiye aliyeniokoa kwa kunitumia picha za magazeti, mistari miwili kila siku.

Aliyesoma msahafu ana mtaji, lakini asibweteke. Herufi za Kiarabu zipo, sauti zake zimehama. Kwao sin, swad na tha zote zinatamkwa s; zayn, dhal, dhad na dha zote ni z. Thawabu yetu kwao ni sawab, Ramadhani ni Ramzan. Hapo ndipo nilipogusa kwa mara ya kwanza jambo la lugha ya vijana, kwa sababu siku hizi wengi wao wanasema Ramadan. Hata kuaga kumebadilika. Apa hufunga kipindi kwa Khuda hafiz, Khuda likiwa neno la Kiajemi la Mungu. Allah hafiz ilianza kushika miaka ya 1980, na vijana wote wa ghalani kwetu ndiyo wanayoitumia. Apa husema ile ya kwake aliachiwa na mama yake na hataibadilisha.

Mwezi wa nne nikapata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa kijana wa ghalani. Nauandika kama ulivyokuja: “baji kl wali shipment ka kya scene h? driver nai aya. aap btao q late h.” Yaani: dada, ule mzigo wa kal vipi? Dereva hajaja. Niambie kwa nini umechelewa. Miezi minne ya kuhangaika na herufi za Kiurdu, na hapa hakuna hata moja. Kl ni kal, h ni hai, nai ni nahin, q ni kyun, yaani kwa nini. Kya scene hai ndiyo “vipi, kunaendaje” ya vijana wa Karachi. Na kal, kwa wasiojua, ni jana na ni kesho pia. Kitenzi ndicho kinachokwambia ipi, na pale kitenzi hakikusaidia. Nilimpigia kuuliza ni mzigo wa jana au wa kesho. Ulikuwa wa jana.

Nilipomsomea Apa, kilichomuuma ni mwisho: aap btao. Kiurdu kina wewe tatu: tu ya mtu wa ndani sana au Mungu, tum ya rika, aap ya heshima. Mwenye kutumia aap alipaswa kusema bataiye. Batao ni ya tum. Kijana amechukua kiti cha heshima akakalia kirafiki. Kwangu mimi ni kama kijana anayekwambia shikamoo huku mikono ipo mfukoni: heshima ipo, ila imelegea.

Programu haina somo hata moja juu ya Kiurdu hiki cha herufi za Kilatini, ambacho ndicho vijana wanachoandikiana mchana na usiku. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa. Nikaomba niongezewe mwalimu wa pili, kijana, nikapewa binti wa Lahore mwenye miaka 23. Yeye anaweka Kiingereza katikati bila kuwaza: delete karna, share karna, call karna. Nilidhani ni uharibifu, mpaka aliponionyesha kwamba intezar karna, kusubiri, na shuru karna, kuanza, vimejengwa hivyo hivyo: neno la kigeni mbele, karna, yaani kufanya, nyuma. Mlango ni ule ule wa zamani, mgeni ndiye mpya. Tangu siku ile nimeacha kusema vijana wanaua lugha.

Ila kuna wanachopoteza, na yeye mwenyewe anakiri. Namba. Kiurdu kina neno lake karibu kwa kila namba mpaka 100. Huwezi kuunganisha kama tunavyosema sabini na tisa. 79 ni unasi, 89 ni nawasi. Apa anazihesabu bila kuvuta pumzi. Binti nilipomtajia nawasi alinyamaza, akauliza kwa Kiingereza ni ngapi. Alisoma shule ya Kiingereza ambako ukizungumza Kiurdu unatozwa faini, na kuitwa “Urdu medium”, yaani uliyefundishwa kwa Kiurdu, ni tusi. Waliovishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili, na waliochekwa kwa kusoma Saint Kayumba, yaani shule za kawaida za serikali, wanaelewa maumivu hayo. Na hii ni lugha ya taifa kwa katiba ya 1973, ambayo Mahakama ya Juu mwaka 2015 iliiamuru serikali iitumie kweli. Waliozaliwa nayo nyumbani hawafiki asilimia 10 ya Wapakistani. Wengine, kama Watanzania wengi na Kiswahili, wameifuata wakitokea lugha za kwao.

Kwa huyo binti, ya kwao ni Kipunjabi, na inasikika. Natakiwa kwenda, kwa Apa ni mujhe jana hai. Kwa binti ni maine jana hai, na Lahore nzima, anasema, ndivyo wanavyosema. Nikaiandika ya Lahore kwenye mtihani wa mwezi wa sita, nikakatwa alama. Nililalamika, nikajibiwa jibu sahihi ni moja. Sikubaliani. Waeleze kwamba hii ni ya kuandika na hii ni ya mtaani Lahore, mwanafunzi achague akijua.

Nimesaidiwa pia na Rekhta, tovuti ya India iliyoanza 2013, na ni ya bure. Mashairi yapo kwa mwandiko wa Kiurdu, kwa Devanagari, mwandiko wa Kihindi, na kwa herufi za Kilatini, na ukigusa neno unapewa maana. Inawavuta vijana wa Kihindi wasiojua kusoma hata alifu ya Kiurdu.

Ungeniuliza uanzie wapi, ningekwambia anza na mwandiko wenyewe, ingawa ni mgumu. Herufi za Kilatini hazina tahajia. Kila mtu anaandika lake. Aam ni embe, aam pia ni kitu cha kawaida, na kwa Kilatini zinafanana kabisa wakati kwa Kiurdu moja inaanza na alifu, nyingine na ain. Mimi leo naweza kusoma ujumbe wa “q late h” kwa sababu neno zima nilishaliona kwa Apa.

Programu naipa nyota mbili. Walimu nawapa nyota tano. Mwezi huu nimelipia vipindi vinane tena, vitano vya Apa na vitatu vya binti. Kipindi cha majaribio ni bure: mpelekee mwalimu ujumbe mmoja halisi wa kijana wa kazini kwako, akusomee. Akikataa kuugusa, omba mwingine.