Nyuzi za gitaa la rezoneta: zipi ununue ukiwa Mbeya au Iringa

Anayeliona gitaa la rezoneta kwa mara ya kwanza hudhani mtu kabandika kifuniko cha sufuria kwenye gitaa la kawaida. Si magitaa yanayojaa madukani kwetu, na hapo ndipo shida ya nyuzi inapoanzia. Unaingia dukani Mwanjelwa au pale mjini Iringa, unasema "nipe nyuzi za gitaa kavu," muuzaji anakupa namba 10 kwa sababu ni laini na kila mwanafunzi wa kwaya anazipenda. Unazifunga, unapiga, gitaa linatoa sauti ya bati linalotikisika. Gitaa halina kosa. Nyuzi ni nyembamba.

Namba hiyo ni unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, kwa inchi: namba 10 ni inchi 0.010, namba 13 ni 0.013. Pakiti ikiandikwa 13-56, uzi wa kwanza ni 0.013 na wa sita ni 0.056.

Kwenye rezoneta unene ni muhimu kuliko madini ya uzi, na sababu iko chini ya kile kifuniko. Mle ndani kuna koni ya alumini, nyembamba sana, na hiyo ndiyo spika ya gitaa. John Dopyera, mhamiaji kutoka Slovakia, aliibuni huko California katika miaka ya 1920 ili gitaa lisikike mbele ya matarumbeta, wakati magitaa ya umeme bado hayajaingia sokoni. Koni haigundishwi kwa gundi. Inakaa mahali pake kwa sababu nyuzi zinaikandamiza kupitia daraja, kile kipande ambacho nyuzi hupita juu yake. Nyuzi zikiwa dhaifu, koni inakaa legelege na inakwaruza. Zikiwa nzito kupita kiasi, inabonyea. Ikibonyea, usitegemee kupata nyingine Soko Matola.

Halafu kuna suala la kutuni. Wengi wanaopiga gitaa hili kwa slaidi, yaani kile kipande cha bomba la chuma au cha shingo ya chupa kinachovaliwa kidoleni, huliweka kwenye G ya wazi, yaani nyuzi zikipigwa bila kubanwa zinatoa kodi ya G: D G D G B D ukianzia uzi mnene. Hapo nyuzi tatu zimeshushwa, ya sita, ya tano na ya kwanza. Uzi wa 0.013 ukiwa kwenye E unavuta karibu kilo 12. Ukiushusha hadi D unavuta kilo 9 na nusu hivi. Sasa fikiria uzi wa 0.010 ukishushwa hivyohivyo, kisha ukandamizwe na chuma. Slaidi inagonga fleti, vile vyuma vya kwenye shingo, sauti inakwisha.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu, kwa gitaa lenye shingo ya mviringo, ambalo ndilo wengi wanalo.

Nafasi ya kwanza naipa fosfa bronzi, yaani nyuzi zilizoviringishwa waya wa aloi ya shaba, 13-56. Ukitaka jina, EJ17 ya kampuni ya D'Addario ni mfano mzuri: 13, 17, 26, 35, 45, 56. Sauti yake ni nene na ina joto, inasimama vizuri kwenye G ya wazi na D ya wazi, na haiitesi koni. Kama unapiga tenzi kanisani bila maiki, hii inafika mpaka viti vya nyuma. Vidole vitalalamika mwanzoni, vivumilie.

Ya pili ni nikeli ya unene uleule. Kama mwili wa gitaa lako ni wa chuma badala ya mbao, mimi ningeipandisha iwe ya kwanza, maana chuma na bronzi mpya pamoja hutoa mlio mkali unaochosha masikio. Vilevile kama gitaa lina pikapu ya sumaku, kile kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi na kuipeleka kwenye amplifaya: bronzi haivutwi na sumaku, nikeli inavutwa. Angalia tu kwamba uzi wa tatu umeviringishwa waya. Pakiti nyingi za gitaa la umeme huja na uzi wa tatu mtupu, na kwenye rezoneta huo hupiga kelele kuliko wenzake. EJ22, ambayo kwa kweli imetengenezwa kwa wapiga jazi, ina wa tatu ulioviringishwa, na namba zake zinakaribiana sana na za EJ17.

Ya tatu, bronzi 12-53. Hii ndiyo rahisi kuipata huku, na kwa anayetuni kawaida, E hadi E, inatosha bila malalamiko. Kwa slaidi ni ya kuombea maji. Ukiikuta pekee, nunua na uzi wa 0.014 wa rejareja uuweke mahali pa uzi wa kwanza; utaona tofauti papo hapo.

Nyuzi zilizopakwa utando wa kuzuia kutu, kama Elixir, naziweka ya nne kwa sababu ya bei tu. Bei yake hukaribia maradufu ya nyuzi za kawaida. Anayeishi Iringa mjini, kwenye vumbi na ukavu, anaweza kuachana nazo. Lakini wa Tukuyu, ambako mvua haijui likizo, au wa Kyela, ambako jasho la vidole pekee linatosha kuleta kutu, apuuze mpangilio wangu na achukue hizi, ilimradi ziwe namba 13.

Pakiti maalumu ya rezoneta, 16-56, usiiguse mpaka utazame shingo kwa nyuma. Ikiwa ya mraba, na nyuzi zimeinuka juu kiasi kwamba huwezi kuzibana kwa kidole, gitaa lako ni la kulaza mapajani na pakiti hii ndiyo yake. Ikiwa ya mviringo, achana nayo: uzi wa 0.016 ukiupandisha hadi E unavuta kama kilo 18, na shingo itapinda. Mwenye shingo ya mraba asihangaike sana kuitafuta. Linganisha EJ42, ambayo ni ya rezoneta, na EJ17: nyuzi nne nene ni karibu zilezile, tofauti kubwa ni mbili nyembamba, 16 na 18. Nunua EJ17 na hizo mbili za rejareja, umemaliza.

Namba 10 za bei chee, za Alice na nyinginezo, zibaki kwenye magitaa ya kujifunzia. Nailoni usifikirie kabisa.

Feki zipo. D'Addario halisi hufungwa nyuzi zote sita ndani ya mfuko mmoja uliozibwa, na shanga za mwishoni zina rangi: uzi wa kwanza fedha, wa pili zambarau, wa tatu kijani, wa nne nyeusi, wa tano nyekundu, wa sita dhahabu ya shaba. Ukikuta shanga zote ni rangi moja, rudisha.

Wakati wa kubadilisha, toa uzi mmoja, funga mpya, kaza, ndipo uende kwa unaofuata. Ukizitoa zote sita kwa pamoja hakuna kinachoishikilia koni. Inasogea, na utahangaika kulirudisha daraja katikati. Ukiona uzi mnene haukai vizuri kwenye mfereji wake kule kichwani, fundi aupanue kidogo kwa tupa nyembamba, asichimbe kwenda chini.

Namba 13 zikikosekana Mbeya, agiza Kariakoo. Muuzaji akutumie kwanza picha ya nyuma ya pakiti, zionekane namba zote sita, kabla hujalipa. Kisha aziweke kwenye boksi gumu na azipandishe basi. Na aongeze nyuzi mbili za 0.013, kwa kuwa huo ndio unaokatika kwanza.