Parapenti ya Wilderness: mkanda wangu wa mguu ulikuwa wazi

Mkanda wa mguu wangu wa kushoto haukufungwa. Naanza hapo kwa sababu bahari, picha na bei vyote vinaweza kusubiri.

Tulikuwa juu ya genge la Wilderness, Afrika Kusini, tayari kuruka kwa parapenti, lile bawa la kitambaa linalombeba piloti na abiria wake, pale wanapopaita Ramani ya Afrika, kwa kuwa mto Kaaimans unakizunguka kilima cha bondeni mpaka kinapata umbo la bara letu. Mtoto wa mdogo wangu anasoma karibu, mjini George, ndiye aliyenipeleka. Kampuni sitaitaja.

Piloti alinivalisha kiti cha mikanda, akafunga kifuani, akafunga mguu wa kulia, simu yake ikalia. Akaongea, akacheka, akarudi, na badala ya kumalizia mkanda uliobaki akaanza kunisukuma kuelekea mteremko. Nikagoma kusogea. Nikamwonyesha kifungio kinavyoning'inia pajani. Akasema maneno ambayo kijana wetu hakutaka kunitafsiria mpaka nilipomkazia macho: «Mama, mimi naruka tangu wewe hujajua kama kitu hiki kipo. Kazi yako ni kukimbia tu.» Kisha akainama, akakifunga, akainuka. Pole hakusema. Watu waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanatazama.

Mkanda ule si pambo. Ukiwa umesimama ardhini huusikii kabisa, ndiyo maana ni rahisi kuusahau. Bawa likishakuinua, uzito wako wote unahamia kwenye kiti, na mikanda ya mapajani ndiyo inayokuzuia usiteleze chini. Piloti yuko nyuma yako, mikono yote miwili imeshika kamba za kuongozea. Atakuvuta na mkono gani? Mwaka 2018 huko Uswisi piloti wa deltaplani, bawa lenye fremu ngumu ambalo watu huning'inia chini yake, alisahau kumfunga abiria wake, Mmarekani, na yule bwana akaning'inia kwa mikono yake zaidi ya dakika mbili mpaka chini, akavunjika kifundo cha mkono. Video ilizunguka dunia nzima, hata huku kwetu tuliiona. Nilikuwa naikumbuka pale pale juu ya genge, na huyu ananiambia nikimbie!

Nilikimbia. Hatua chache tu, ardhi ikaniacha.

Na hapa hasira yangu inapata taabu, kwa sababu kule juu kulikuwa kuzuri kupita nilivyowahi kuwaza. Hakuna injini, hakuna moshi. Upepo unatoka baharini, unagonga genge, unakosa pa kupita, unapanda, na bawa linakaa juu ya upepo huo unaopanda. Piloti alikuwa anakwenda na kurudi sambamba na ukingo, haendi mbali baharini, maana ukiliacha genge na upepo wa kukubeba umeuacha. Chini niliona magari ya barabara kuu yamekuwa madogo, nikaona daraja la reli la Kaaimans ambalo treni hazipiti tena, na mawimbi yakija kwa mistari. Mimi nimekulia Lubumbashi, jicho langu limezoea terili, ule mlima wa mabaki ya madini wa kampuni ya migodi ya Gécamines, na bomba lake la moshi. Sikuwa na kipimo cha kupimia maji yale. Nililia. Na mikono ya yule bwana, lazima niseme kweli, ilikuwa mikono ya fundi: alikuwa akigeuza bawa taratibu, bila kunitikisa.

Tukatua mchangani polepole. Nilikuwa nimeshamsamehe. Moyoni nilishampa nyota zote tano, niko tayari kumshika mkono.

Akafungua mikanda, akamgeukia kijana wetu: «Umwambie mama yako, kumbe hakufa.»

«Mama mkubwa, tuachane naye,» kijana akaniambia. Sikuachana naye. Nilikwenda mpaka mapokezi kwao, nikaeleza yote kwa utulivu. Dada wa pale akanijibu kwamba huyo ndiye piloti wao bora na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Nikaomba mahali pa kuandika malalamiko. Hakuna. Nikaulizwa kama nataka kununua picha.

Kwa hiyo naweka nyota moja. Hapana, tatu, maana upepo na genge lile havina kosa na sitaki mtu wa Lubumbashi akose kuviona kwa sababu yangu. Lakini nikikumbuka ile «hakufa», narudi kwenye mbili, na hapo ndipo ninapobaki. Nikipata nauli nitaruka tena pale pale, na piloti mwingine, na nitashika kila kifungio kwa mkono wangu kabla ya hatua ya kwanza.

Ninyi wa ile ofisi, mkisoma haya mtajijua. Pesa yangu sidai. Mwiteni yule bwana, mumwambie kifungio kilikuwa wazi.