TAHADHARI: Runinga za inchi 32 zinazouzwa Mwanjelwa kama "OLED 4K"

Ndugu zangu wa Mbeya, na ninyi mnaotoka Tukuyu, Chunya na Mbozi kuja kununua vitu mjini, kuweni macho. Kuna duka Mwanjelwa linauza runinga za inchi 32 zenye stika ya "OLED 4K" kwa bei ya kutisha. Mama yangu mdogo amepigwa hapo mwezi huu, na fundi wa mtaani kwetu anasema si wa kwanza kumpelekea runinga ya aina hiyo.

Kibandiko cha modeli kule nyuma kilikuwa kimenyanyuka pembeni. Fundi alipokibandua, chini yake kikatokea cha kiwandani: LED, 1366 x 768. Hiyo ni HD ya kawaida kabisa. 4K ni 3840 x 2160, yaani nukta karibu mara nane ya hizo. Na yale maneno "inapokea 4K" yasikuzubaishe. Maana yake inaikubali video ya 4K, halafu inaishusha ienee kwenye kioo chake kidogo.

Kuhusu OLED, LG ndio wameziuza kwa wingi kuliko wengine, na runinga yao ndogo kabisa ya kizazi hiki ni ya inchi 42, iliyotoka 2022. Ukionyeshwa "OLED" ya inchi 32 dukani, ondoka.

Wanachotumia kutuchanganya ni majina kufanana. LED ni kioo cha LCD kinachomulikwa na taa za nyuma. QLED ni hivyo hivyo, ila imeongezewa utando wa chembe ndogo mno zinazokoleza rangi. OLED haina taa ya nyuma kabisa: kila nukta inawaka na kuzimika yenyewe, ndiyo maana nyeusi yake ni nyeusi kweli.

Nenda na flashi yenye picha nyeusi iliyoandikwa neno moja jeupe katikati, umwombe muuzaji azime taa za duka. Kwenye LED ya bei ndogo utaona ukungu wa kijivu kioo kizima, hasa kwenye kona. Kwenye OLED utaona lile neno tu. (Usiweke weusi mtupu, maana zipo LED zinazozima taa zenyewe zikikutana nao.) Muuzaji akikwambia runinga mpya haijaribiwi, rudisha hela yako mfukoni.

LED yenyewe si bidhaa mbaya. Sebule yenye madirisha makubwa na jua la mchana inaifaa. Taa za nyuma zikiungua kwa umeme wetu huu wa kukatika na kurudi, fundi anabadilisha. Kioo cha OLED kikiharibika, mara nyingi bei yake inakaribia runinga nzima. Mwenye kibanda umiza ndiyo kabisa asihangaike na OLED, kwa sababu nembo ya chaneli na ubao wa magoli vikikaa pale pale kutwa, siku baada ya siku, vinaacha alama kwenye kioo. Kinachoniuma ni mama wa watu kulipia kitu kimoja akapewa kingine.

Mama mdogo hakupewa risiti ya EFD, na sasa muuzaji anamkana. Dai risiti iliyoandikwa modeli na aina ya kioo kabla hujatoa hela. Nasi tunapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, wanaoshughulikia bidhaa bandia. Kama nawe ulinunua hapo, usikitupe kibandiko cha nyuma. Kipige picha, cha juu na cha chini, uniandikie inbox twende pamoja.