Matanga ya Seattle: uzoefu wangu na tamthilia ya The Killing

Nimeitazama tamthilia ya Kimarekani ya The Killing mara mbili: mara ya kwanza mwaka 2012 nyumbani kwetu Tanga, nikiwa na mama na mdogo wangu wa kiume, na mara ya pili hivi karibuni, peke yangu. Kila ninapokutana na malalamiko ya watazamaji kwamba inakwenda polepole mno, huona kwamba wanaulaumu ule mwendo ambao ndio unaoipa uzito wake. Maoni yangu yanahusu misimu miwili ya kwanza tu, kwa kuwa hiyo ndiyo inayobeba kisa kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Rosie Larsen, msichana wa shule wa Seattle, anakutwa amekufa maji ndani ya buti la gari lililozamishwa ziwani, na gari lenyewe linatambuliwa kuwa la kampeni ya Darren Richmond, diwani anayegombea umeya. Mpelelezi Sarah Linden, ambaye anaigizwa na Mireille Enos, alikuwa anaaga kazini siku hiyo ili ahamie California pamoja na mwanawe. Haondoki. Anabaki na Stephen Holder, yaani Joel Kinnaman, mpelelezi aliyetoka kitengo cha dawa za kulevya, na mvua inawanyeshea karibu kila mahali wanapokwenda. Katika msimu wa kwanza kila sehemu huchukua takribani siku moja ya upelelezi, utaratibu uliotoka kwenye tamthilia ya Denmark ya mwaka 2007, Forbrydelsen, ambayo hii ya Marekani imeigwa kutoka kwake.

Aliyenionyesha namna ya kuitazama ni mama, ingawa Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Alianza kuhesabu siku. Kwetu siku ya tatu matanga huanuliwa, mikeka ikakunjwa, waliokuja kulala na wafiwa wakarudi makwao, na ilipomalizika sehemu ya tatu mama alinigeukia akauliza, "Mwanangu, mbona mpaka leo hawajamzika?" Maziko yanakuja karibu na katikati ya msimu. Kabla ya hapo mwili uko mikononi mwa serikali, baba wa marehemu ana shughuli ya kuhamisha samani za watu inayomngoja, na nyumba ina watu wachache mno kwa msiba wa kiasi kile. Mama hakujishughulisha sana na nani aliyeua. Alitaka kujua wale wavulana wawili wadogo, ndugu zake Rosie, wamepikiwa na nani, na tangu alipouliza hivyo nami nikaanza kuiangalia meza yao kuliko ninavyowaangalia washukiwa.

Kuna tukio la sehemu ya kwanza ambalo linatosha kumwonyesha mtu kama tamthilia hii inamfaa au la. Mitch, mama yake Rosie, yuko nyumbani na simu sikioni, anaongea na mumewe, Stan, aliyefika ziwani wakati gari linavutwa kutoka majini. Hakuna anayempa Mitch habari kwa maneno. Anachosikia ni mumewe akiwauliza polisi, kisha akiliita jina la binti yao kwa sauti ambayo haifanani tena na ya mwanamume anayemjua, na yeye amekwama upande wa pili wa simu, hawezi kumfikia mume wala mtoto. Michelle Forbes, anayemwigiza Mitch, aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy mwaka 2011, kama alivyoteuliwa Enos, na kwa tukio hilo moja tu ningempa.

Sasa kuhusu hasira. Msimu wa kwanza ulianza Marekani tarehe 3 Aprili 2011, na matangazo yake yalikuwa na swali moja: nani alimuua Rosie Larsen? Sehemu ya 13, iliyoonyeshwa tarehe 19 Juni, ilimalizika bila jibu, na watazamaji wengi waliona wamedanganywa. Ninawaelewa, kwa sababu ile tamthilia ya Denmark ilimtaja muuaji wake mwishoni mwa msimu wake wa kwanza wenye sehemu 20, na mtu anayeulizwa swali kwa miezi miwili na zaidi ana haki ya kutarajia jibu.

Sisi tulionja uchungu huohuo kwa njia nyingine. Mwenye duka tuliyekodi CD kwake alituhakikishia kwamba kisa kimekamilika humo. Tulipofika mahali ambapo Linden yuko ndani ya ndege na simu inamfahamisha kwamba picha iliyotumika kumkamata mshukiwa haiwezi kuwa ya kweli, mdogo wangu aliichomoa CD, akaikagua pande zote mbili, akaenda nayo dukani usiku uleule. Mwenye duka alishikilia kwamba imeishia hapo. Tulikaa miezi kadhaa mpaka binamu yetu alipotuletea msimu wa pili, na ndipo nilipotambua kwamba sehemu 26 zile ni kazi moja iliyokatwa katikati. Kosa lilikuwa la ahadi ya matangazo. Utaratibu wa usimulizi haukuwa na hatia.

Yapo mambo yanayonikera kweli. Bennet Ahmed, mwalimu wa Rosie, ni Mwislamu, na kwa sehemu kadhaa msikiti na waumini wake wanatumiwa kumtia mtazamaji shaka, kisha habari zao zinaachwa njiani baada ya Stan kumpiga mwalimu huyo hadi karibu ya kumuua. Mama, anayeujua msikiti kama mahali pa kupelekea sahani ya futari, alinyamaza kimya siku zile, na ukimya wake ulinisumbua. Mambo ya kampeni ya Richmond nayo yanajirudia kupita kiasi. Naipa nyota nne kati ya tano.

Anayetaka kuanza na aandae misimu yote miwili kwanza, asitazame zaidi ya sehemu mbili kwa usiku, na asikubali kuambiwa jina la muuaji. Msimu wa pili unamalizika kwa familia ya Larsen kuitazama filamu ndogo aliyoitengeneza Rosie mwenyewe kabla hajafa, na kwa mara ya kwanza binti tuliyemjua kama maiti anatuonyesha vitu alivyovipenda. Mama aliomba turudishe nyuma. Tuliirudisha mara tatu, mdogo wangu akiwa ameshika rimoti, na mara ya tatu mama alisogeza kiti chake karibu na televisheni ili amwone vizuri.