Wakili wa magharibi mwa Marekani: madeni ya Nashville au ardhi ya Lexington?

Andrew Jackson, rais wa baadaye wa Marekani, alifika Nashville (Tennessee ya leo) mwaka 1788, kijana wa miaka 21, akiwa mwendesha mashtaka. Jina alilipata kwa kuwabana wadaiwa sugu. Kesi hizo hazikuwa na mzunguko: hati ya deni, hukumu, sherifu anakamata mali. Kigumu kilikuwa malipo. Fedha taslimu zilikuwa adimu, hivyo wakili mara nyingi alilipwa ardhi: ekari tele, mfuko mtupu.

Henry Clay, wakili mwingine kijana aliyekuja kuwa mwanasiasa mkubwa, aliingia Lexington, Kentucky, mwaka 1797, baada ya kufundwa sheria na George Wythe huko Virginia. Kentucky, ugomvi mkubwa ulikuwa wa hati miliki za ardhi. Ardhi ilipatikana kwa hatua nne: kibali cha serikali, kuandikisha dai kwa mpima wa kaunti, upimaji, kisha hati. Mambo yaliharibika hatua ya pili na ya tatu. Mpaka ulishikizwa kwenye mwaloni uliochanjwa shoka kando ya kijito. Mti ukianguka, ushahidi umekwenda nao. Upimaji haukufuata ramani moja, basi madai yakalaliana kama vigae, na dai lililoelezwa kiholela lilibatilika hata kama mwenyewe alishalima. Kwa wakili, huo ulikuwa mgodi usiokauka.

Kwa pato, ningechagua Lexington bila kusita. Kwa cheo cha haraka, Nashville: Jackson alikuwa mbunge 1796 na seneta 1797, Clay aliingia Seneti 1806, hajatimiza hata miaka 30 ambayo katiba inamtaka seneta awe nayo. Ila Jackson alijiuzulu 1798, akarudi Tennessee kuwa jaji.